Chururu si Ndo! Ndo! Ndo!

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam ndani ya gari la Gaggenau, akikusudia kuvuka bara la Afrika mpaka bahari ya upande wa pili. Aliingia Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Safari ilichukua siku 630, na nyingi kati ya siku hizo gari lilikuwa limesimama likisubiri vipuri. Vitabu vinamtaja kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokaa.

Mimi katika habari hiyo huvutwa na makopo. Gari la mwaka 1907 lilikunywa petroli kama magari ya leo, lakini lilikunywa pia oili kwa kiasi ambacho siku hizi kingemfanya fundi yeyote akushauri ufungue injini. Vyote viwili vilibidi vitangulie njiani na kuwekwa vituoni. Reli ya Kati ilikuwa haijafika hata Morogoro. Ilifika Desemba mwaka huohuo. Wanyama wa kukokota mizigo hawakudumu katika nchi ya mbung'o. Kwa hiyo mzigo wa bara ulikwenda kama ulivyokuwa ukienda miaka yote, juu ya kichwa na bega la mpagazi. Kabla oili haijazunguka ndani ya gari, ilitembea kwa miguu.

Graetz aliandika kitabu kuhusu safari yake. Waliobeba makopo hawakuandika.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia. Niliposema kwenye semina kwamba nataka kuandika kuhusu oili, mwalimu mmoja aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: historia ya oili ni historia ya nani? Insha hii ni jaribio la kumjibu, na jibu langu linapitia kwetu, Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo mpaka mwaka 2012 zilikuwa moja.

Graetz hakupita kwetu. Lakini kazi ya kubeba ilipita, tena mapema. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Buganda ilikatiza Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya ufalme. Speke na Grant walipopokelewa na Omukama Rumanyika, Novemba 1861, walifika kwa njia hiyohiyo, pamoja na watu waliobeba nguo, shanga na waya. Nchi hii iliijua kazi ya kubeba kabla ya kuijua kazi ya gurudumu, na gurudumu lilipofika halikuiondoa kazi hiyo. Liliigawa vipande vidogo vidogo, na kipande kimoja kati ya hivyo ni hiki cha kuhakikisha kwamba chuma hakisuguani na chuma kikavu.

*

Chuma kilichosuguliwa kikang'aa huonekana laini. Ukikikuza machoni utaona milima na mabonde. Vyuma viwili vinapopishana, vilele hukwaruzana, hukatika na kupata moto. Kazi ya oili ni kuvitenganisha visigusane kabisa. Hilo leo tunaliona la kawaida, ila halikueleweka vizuri mpaka mwaka 1883, na lilieleweka kwa bahati.

Mwaka huo mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio kwa niaba ya chama cha wahandisi mitambo cha Uingereza. Alikuwa na ekseli kama ya behewa la treni, imefunikwa juu na beringi ya nusu duara, na upande wake wa chini ukizama kwenye bafu la oili. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kudondoshea mafuta, kama ilivyokuwa desturi. Mashine ilipozunguka, oili ilianza kupanda na kutoka kupitia tundu lile. Akaliziba kwa koki. Koki ikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti. Nacho kikatoka. Akafunga kipimo cha presha ambacho mwisho wake ulikuwa paundi 200 kwa inchi ya mraba, na mshale ukaenda mpaka mwisho, ilhali mzigo uliokalia beringi ile ulikuwa wastani wa paundi 100 tu kwa inchi ya mraba.

Maana yake ni kwamba mzigo haukuwa umekalia chuma. Ulikuwa umekalia oili. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu: ekseli inayozunguka huivuta oili na kuisukumiza kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na oili iliyobanwa hapo hupata nguvu ya kubeba. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele, na hubeba treni.

Sharti ni moja. Oili lazima iendelee kuja. Ikikatika, utando hupasuka, na vyuma hukutana.

Wahenga wana methali yao: chururu si ndo! ndo! ndo! Kinachotiririka, hata kama ni uzi mwembamba, si sawa na kinachodondoka tone baada ya tone. Sijui methali inayoifaa historia ya mashine kuliko hiyo. Kwa zaidi ya nusu karne wahandisi wa treni na magari walihangaika kuvuka kutoka ndo ndo ndo kwenda chururu, na kila hatua waliyopiga ilimhusu mtu fulani aliyesimama na kopo la mafuta mkononi.

Mmoja wa watu hao tunamjua kwa jina. Elijah McCoy alizaliwa Kanada na wazazi waliotoroka utumwa Kentucky. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Michigan kutafuta kazi ya uhandisi kwenye reli. Kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, kazi aliyopewa ilikuwa ya kuchochea moto wa injini na kuipaka mafuta. Siku hizo treni ililazimika kusimama mara kwa mara ili mpaka mafuta azunguke na kopo lake. McCoy aliitazama kazi hiyo kwa macho ya mtu aliyejua kwa nini inafanyika, na mwaka 1872 akapata hataza ya kifaa kilichoipelekea injini ya mvuke mafuta chenyewe, huku ikifanya kazi. Kuna jambo la kufikirisha hapo. Aliyenyimwa nafasi ya kuongoza injini ndiye aliyeifundisha injini kujilisha.

*

Motokaa za kwanza zilirithi kidogo sana kutoka kwa elimu hiyo. Zilikuwa baiskeli na mikokoteni iliyowekewa injini, na sehemu zake nyingi zilikuwa nje, kwenye vumbi.

Agosti 1888 Bertha Benz aliichukua gari ya mumewe, akaondoka Mannheim na wanawe wawili wa kiume kwenda Pforzheim. Katika mambo yaliyomsumbua njiani mojawapo lilikuwa cheni, na ilimbidi amtafute mhunzi wa Bruchsal aitengeneze. Kwa hiyo safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilimhitaji mhunzi wa kijijini. Miaka michache baadaye, katika magari ya mwanzo ya Panhard et Levassor huko Ufaransa, gia zilizunguka wazi, bila boksi la kuzifunika. Zilipakwa grisi, na barabara ikaongeza mchanga wake juu ya grisi hiyo. Yeyote aliyewahi kusaga dagaa na mchanga ndani yake anaijua sauti ya gia hizo.

Injini ilikuwa na mateso yake. Magari mengi ya miaka ile yalikuwa na vikombe vya kioo mbele ya dereva, na ndani yake mafuta yalionekana yakidondoka tone kwa tone kuelekea kwenye mabomba. Dereva alihesabu matone. Asubuhi ya baridi oili huwa nzito na matone hupungua. Mchana wa jua huwa nyepesi na matone hukimbizana. Kwa hiyo dereva alikaza na kulegeza koki siku nzima. Akisimama na kusahau kufunga, oili iliendelea kudondoka. Kwenye gari za De Dion-Bouton dereva alikuwa na pampu ya mkono, na alitakiwa kuisukuma kila baada ya maili kadhaa. Oili ikishafanya kazi yake haikurudi. Ilichomwa ikawa moshi, au ilimwagika barabarani. Ndiyo maana makopo ya Graetz yalikuwa mengi.

Njia za kutoka hapo zilikuwa mbili, na zilijaribiwa kwa pamoja.

Ya kwanza ilikuwa kufunika. Kampuni ya Sunbeam ya Wolverhampton ilikuwa imepata sifa kwa baiskeli ambazo cheni yake ilifungiwa ndani ya kasha dogo lenye mafuta, na mwanzoni mwa karne ya 20 ililipeleka wazo hilohilo kwenye magari yake. Cheni ndani ya kasha hupata mambo mawili kwa mpigo: mafuta hayatoki, na vumbi haliingii. Gia nazo zikaingizwa ndani ya boksi zikaoga humo.

Ya pili ilikuwa kuisukuma oili kwa nguvu za injini yenyewe. Frederick Lanchester wa Birmingham, mtu aliyependa kulifikiria gari lote upya badala ya kuongeza viraka, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia pampu kupeleka oili kwenye beringi kwa presha. Dereva wa gari la namna hiyo hakuwa na haja ya kuhesabu matone. Oili ilitoka kwenye tangi la chini, ikapita kwenye beringi, ikarudi chini, ikapanda tena. Chururu.

Lakini gari lililoijaza dunia halikuwa la Lanchester. Lilikuwa Ford ya Model T, iliyotoka mwaka 1908 na kutengenezwa zaidi ya milioni 15 kabla ya kusimamishwa mwaka 1927. Nayo haikuwa na pampu ya oili kabisa. Injini na gia vilishirikiana oili moja ndani ya nyumba moja. Gurudumu zito la nyuma ya injini, lililofungwa sumaku 16 za kutengenezea umeme, liliipiga oili na kuirusha juu. Sehemu ya oili hiyo ilinaswa na faneli ndogo, ikateremka kwa bomba moja mpaka mbele ya injini, halafu ikarudi nyuma taratibu kupitia vijito ambamo vyuma vya pistoni vilichovya na kurusha tena. Kupima kiasi kilichobaki, ilibidi mtu aingie chini ya gari na kufungua koki mbili ndogo. Oili inayofaa ilikuwa kati ya koki ya juu na ya chini.

Ilikuwa rahisi, haikuwa na kitu cha kuharibika, na tambarare iliiweza vizuri sana. Tatizo lake lilikuwa mlima. Gari likipanda, oili yote hukimbilia nyuma. Bomba lililotakiwa kuteremka kwenda mbele hujikuta linapanda. Beringi ya mbele hubaki na njaa wakati ambapo injini inafanya kazi ngumu kuliko zote. Huko Marekani watu walianza kujiuzia bomba la pili la kufunga nje ya injini ili kuipelekea mbele oili zaidi.

Sasa itazame ramani ya kwetu. Kutoka Kyaka, penye daraja la Mto Kagera, barabara hupanda kuelekea Karagwe, nchi ya vilima vinavyopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huendelea kupanda na kushuka mpaka Nkwenda, Kaisho na Murongo. Mhandisi wa Detroit angetaka mahali pa kuijaribu faneli yake, angepata hapa.

Ford zilifika Afrika Mashariki kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo kwetu vilipiganwa mlangoni: Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria na kuishambulia Bukoba. Mwaka uliofuata, jeshi lao lilipoisukuma safu ya Wajerumani kuelekea kusini, lilitumia gari hizo nyepesi. Lakini gari zilipokwama kwenye tope ni watu waliobeba, na waliobeba waliandikishwa katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza limebaki midomoni mwetu kama jina la soko, Kariakoo. Kila anayeshuka kwenye daladala pale anataja jina la wapagazi wa vita bila kujua.

*

Baada ya mpagazi alikuja taniboi. Neno lenyewe limetokana na Kiingereza: kijana wa kuzungusha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha mtaimbo wa mbele ili injini iwake. Baadaye injini zilipata stata, mtaimbo ukaondoka, lakini kijana akabaki. Sehemu nyingi aliitwa utingo.

Babu yangu, baba wa mama, alikuwa utingo kwenye malori yaliyoteremsha kahawa kutoka Karagwe kwenda Bukoba. Alitusimulia kidogo kuhusu Bukoba na sana kuhusu milima. Lori likipanda yeye hakukaa ndani. Alitembea au alining'inia nyuma akiwa na gogo, ili likishindwa aruke na kulisukumiza chini ya tairi. Alfajiri kabla dereva hajaamka alikuwa amekwishapima oili, amepampu grisi kwenye nipo zote, amegonga tairi moja moja kusikiliza sauti. Alisema dereva husikia injini kwa masikio, utingo huisikia kwa viganja. Aliweka kiganja juu ya difu kila waliposimama. Joto la kawaida alilijua. Joto jingine lilimaanisha hawaondoki.

Kufikia wakati wake, pampu za oili zilikuwa zimeenea kwenye malori yote. Lakini kuna sehemu za gari ambazo pampu haizifikii: springi, viungo vya usukani, shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Ulaya na Marekani waliwahi kulijaribu hilo pia. Katika miaka ya 1920 Joseph Bijur alibuni mfumo ambao pampu moja ilipeleka oili kwenye viungo vyote vya chini ya gari kwa mabomba membamba, na Rolls-Royce wakautumia. Kwenye lori la kahawa mfumo huo ulikuwa babu yangu.

Nikisema hivyo sifanyi utani. Kila kifaa cha kulainisha chuma kina bei, na mahali ambapo mshahara wa mtu ni mdogo kuliko bei ya kifaa, mtu ndiye hununuliwa.

*

Kuna upande wa pili wa kulainisha ambao husahaulika, nao unaihusu Kyerwa moja kwa moja. Oili peke yake haitoshi. Inategemea inalala juu ya nini.

Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alibuni beringi zilizotandikwa metali laini nyeupe, ambayo aina yake bora ni bati kwa sehemu kubwa, pamoja na shaba kidogo na antimoni. Treni zilizitumia, na motokaa za mwanzo pia, ikiwemo Model T. Ajabu yake ni kwamba inafaa kwa sababu ni dhaifu. Chembe ya mchanga ikiingia ndani ya oili, metali hiyo huimeza, chembe ikazama isiikwaruze shafti. Na oili ikikatika, bati, ambalo huyeyuka kwenye nyuzijoto 232 tu, huanza kulainika kabla chuma cha pua hakijadhurika. Injini hupiga kelele, dereva husimama, na fundi humimina beringi mpya. Kitu laini kimekufa ili kigumu kipone.

Kyerwa inachimba bati. Machimbo yalianza enzi za Waingereza, na mpaka leo watu wanapanda vilimani na sururu na sepetu, si mbali na mipaka ya Rwanda na Uganda, wakitafuta mawe meusi mazito kuliko ukubwa wake. Wanajiolojia wanauita mkanda huu wa miamba Karagwe-Ankole, kwa hiyo jina la ufalme wa Rumanyika linasomwa katika vyuo ambavyo havijawahi kumsikia Rumanyika. Bati nyingi za dunia wakati huo zilitoka Malaya na Bolivia, na mchango wa vilima vyetu ulikuwa mdogo. Lakini ukimuuliza kijana wa Kyerwa bati ni nini, atakuonyesha paa la nyumba. Nadhani anastahili kujua kwamba kilicho chini ya miguu yake ni metali ambayo motokaa za kwanza za dunia zilizungukia.

*

Mdogo wangu ni bodaboda. Anaendesha kati ya Omurushaka, Nkwenda na vijiji vya ndani, kwa pikipiki ya mkataba. Kila Jumapili hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na siku ya mwisho ya mkataba pikipiki itakuwa yake, kama itakuwa bado inatembea. Hapo ndipo kila kitu kilipo. Mkataba hauhesabu cheni iliyokatika. Cheni na sproketi zikiisha, seti mpya inatoka mfukoni mwake, na siku ambayo pikipiki imelala gereji haipunguzwi kwenye hesabu.

Ndani ya injini ya pikipiki hiyo kuna karne nzima ya Tower, Reynolds na Lanchester. Kuna pampu, kuna chujio, gia zinaoga. Ukitoka tu nje ya injini, kwenye cheni inayopeleka nguvu gurudumu la nyuma, umerudi mwaka 1900. Cheni iko wazi kwenye vumbi jekundu. Ilitoka kiwandani na kava, lakini mwenye nayo wa kwanza aliling'oa kwa sababu lilijaa tope msimu wa mvua. Vijana wengi kijiweni huipaka oili chafu iliyomwagwa gereji, ileile ambayo watu hupaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa, kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo imebeba unga wa vyuma, na vumbi likiongezeka juu yake inakuwa msasa wa majimaji. Mtu anadhani anaitunza cheni, kumbe anaisaga.

Mwaka jana mdogo wangu alianza majaribio. Alinunua duka la dawa mpira wa dripu, ule wa hospitali, wenye kigurudumu cha kubana. Akaufunga kwenye chupa ndogo ya maji iliyojaa oili safi, akaiweka chini ya kiti, na mdomo wa mpira akauelekeza upande wa ndani wa cheni karibu na sproketi ya nyuma, ili mzunguko wenyewe uisukume oili kwenda nje kupitia pini. Hakuwahi kusikia kwamba tangu miaka ya 1980 kuna kifaa cha Uskoti kiitwacho Scottoiler kinachofanya kazi hiyo kwa ustaarabu zaidi. Aliliona tatizo, akaangalia vilivyopo dukani.

Matatizo aliyoyapata nilikuwa nimeyasoma tayari katika historia ya magari yaliyokufa kabla babu hajazaliwa. Alfajiri ya Karagwe ni baridi, oili ya gia ikagoma kudondoka. Mchana ikadondoka mno, na kitenge cha mama mmoja aliyekuwa akienda mnadani kikapata michirizi. Mdogo wangu alilipa sabuni na aibu. Akibadilisha kwa oili nyepesi, ilirushwa yote kabla haijaingia kwenye pini. Aliposimama kijiweni bila kubana, alikuta dimbwi chini ya pikipiki na wenzake wakiuliza kama mgonjwa ameruhusiwa kutoka wodini.

Alitatua moja baada ya jingine. Kwenye mdomo wa mpira alifunga kipande cha godoro kinachogusa cheni, ili oili ipakwe badala ya kudondoka. Alichanganya oili mbili mpaka akapata uzito unaofaa asubuhi na mchana. Mwisho akakata kidumu cha oili cha lita tano, akakikunja kwa moto na kukifunga juu ya cheni kama kava, akiacha nafasi chini ya tope kutokea. Hakujua kwamba alikuwa ameifikia Sunbeam. Nilipomwonyesha picha ya kasha lile la Wolverhampton, alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa walikuwa na tope kama letu."

Cheni iliyopo sasa imedumu kuliko mbili zilizotangulia. Haijamaliza shida zake. Bado kila jioni anaifuta, bado anabana na kufungua kigurudumu. Ndo ndo ndo imekaribia chururu, haijawa.

*

Ninarudi kwenye swali la mwalimu. Katika vitabu nilivyosoma, historia ya kulainisha magari huishia pale pampu na kasha vilipoondoa kopo mkononi mwa dereva. Hiyo ni kweli kwa gari la ghali. Katika vyombo vilivyotengenezwa viwe rahisi, kitu cha kwanza kuachwa ni kile kilichochukua nafasi ya mkono wa mtu: kava, chujio, cheni yenye pini zilizofungwa. Bei hushuka, na kazi iliyoondolewa karne iliyopita hurudi, safari hii bila mshahara. Tangazo linalosema chombo hakina gharama za matunzo linatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Gharama ipo, inalipwa alfajiri na jioni na kijana mwenye tambara.

Kwa hiyo ningemjibu mwalimu hivi: historia ya oili ni ya yule anayebaki macho ili chuma kisikauke. Alikuwa mpagazi, akawa mpaka mafuta wa reli, akawa utingo, leo ni bodaboda wa mkataba. Mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa tatizo, na mara chache jina lake liliandikwa kwenye suluhisho. McCoy ni mfano kwa sababu hataza ilibaki.

Mdogo wangu ana daftari. Alilianza kwa ajili ya hesabu za Jumapili, halafu akaanza kuandika pembeni mambo ya dripu: tarehe, kilomita, matone kwa dakika, asubuhi au mchana, aina ya oili, mara ngapi ameikaza cheni. Kurasa nyingine zina alama za vidole vyeusi, na mahali pamoja ameandika "imekataa" akapigia mistari miwili. Zimebaki wiki kumi na moja za mkataba. Nimemwomba kwamba siku pikipiki itakapokuwa yake, daftari asilitupe.